Spika Zisizoficha Kitu

Mwaka jana nilialikwa harusi Remera, kwenye ukumbi mmoja nyuma ya uwanja wa mpira, na kabla wageni hawajamaliza kuketi, mzee mmoja alimwita mhudumu akaomba ahamishiwe meza iliyo mbali na spika. Mhudumu akamwambia kwamba meza zote ziko karibu na spika, na kwamba hiyo ndiyo raha ya harusi. Basi mzee akanyanyua kiti chake mwenyewe, akakipeleka mlangoni, akakaa pale huku upepo ukimpiga. Nilimtambua kwa jinsi alivyokibeba kile kiti, taratibu, kama mtu aliyebeba sufuria ya uji wa moto. Alikuwa Mwalimu Vianney. Nilikuwa sijamtia machoni tangu mwisho wa mwaka 1993. Nilikwenda nikakaa naye, tukazungumza habari za magoti yetu, za bei ya viwanja kule Busanza, za binti yake Klodina ambaye sasa naye ana watoto wa sekondari. Mama yake Klodina hatukumtaja. Wala hatukumtaja sana kaka yangu Rajabu, rafiki yake mkubwa, aliyekufa kwa sukari kitandani kwake, jambo ambalo kwa watu wa rika letu katika mji huu ni la kushukuru. Tulikula, tukaagana. Nilirudi nyumbani sina furaha wala huzuni, nikavua viatu, nikakaa. Najijua. Nikiwa hivyo ujue kuna kitu kinanidai nikiandike.

Sitaeleza nilifikaje kuishi kwa Rajabu, maana hilo halina utamu wowote. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, shule nimemaliza, kazi sina, na nyumba ya kaka yangu ilikuwa Nyamirambo, upande wetu wa Waislamu, ambako Kiswahili kilikuwa lugha ya jikoni na ya dukani na watu wa mitaa mingine walitucheka kwa hilo. Rajabu aliuza vitambaa vya suti. Mkewe, wifi yangu Mwamini, alipika vizuri na kulalamika vizuri zaidi. Vita vilikuwa vimeanza mwaka 1990 huko kaskazini, na ilipofika 1993 tulikuwa tumeshavizoea kama mtu anavyozoea jino bovu. Mara utasikia bomu la mkono limetupwa kituo cha mabasi, mara jirani amehama bila kuaga, na sisi tunauliza chumvi iko wapi. Watu walionijua wakati ule wanasema nilikuwa msichana mtulivu. Sikuwa mtulivu, nilikuwa nimekufa ganzi. Niliamka, nikafagia, nikachemsha chai ya tangawizi, nikalala, na kama ungeniuliza naogopa nini ningekujibu siogopi kitu, na ningekuwa nasema kweli.

Rajabu alipenda vitu vizuri na hakuona haya kuvipenda. Alikuwa na amplifaya nzuri na deki nzuri ya kaseti, zote kutoka Dubai, lakini alikuwa amezifunga kwenye vispika viwili vidogo vilivyong'olewa kwenye redio kuukuu. "Nina kichwa na tumbo," alikuwa akisema, "mdomo ndio sina." Mwaka ule akaamua kutafuta spika za maana, au bafle, kama tulivyoziita, na mtu wa kumsaidia kuchagua akawa Mwalimu Vianney. Walikuwa wamecheza mpira pamoja utotoni. Vianney alifundisha shule ya msingi huko Remera na kuongoza kwaya ya parokia, na masikio yake yalikuwa ya kutisha. Angeweza kukuambia kikombe kimepasuka kwa kusikia tu kijiko kikikoroga. Alikuwa Mtutsi. Mwaka 1990, vita vilipoanza, alishikwa pamoja na maelfu ya watu wengine, akakaa ndani miezi, akarudi amekonda na kidole kimoja hakikunjiki. Tangu hapo shemeji yake aliyekuwa Mwanza alikuwa akimwita ahamie Tanzania na familia yake. Kwa hiyo nyumbani kwetu mwaka ule kulikuwa na swali moja tu, hata kama hakuna aliyelisema mezani: Mwalimu ataondoka au atabaki? Rajabu hakutaka aondoke. Mimi nilielewa mapema kwamba hizo spika hakuwa akizitafuta kwa ajili ya muziki tu. Alitaka Jumamosi za Mwalimu ziwe na mahali pa kwenda.

Vianney alikuwa na sheria yake. Alisema spika haijaribiwi kwa ngoma, maana ngoma hata debe linaweza. Inajaribiwa kwa sauti ya mtu unayemjua, akiongea mambo ya kawaida. Basi Jumamosi moja Rajabu akaficha redio ya kurekodia nyuma ya gunia la mkaa jikoni, na mimi na Mwamini, bila kujua, tukamrekodia ugomvi mzima. Ilikuwa habari ya maharage. Mwamini alisema nimeyatia chumvi mara mbili, mimi nikasema mara moja, akasema ulimi wake si wa kuazima, nikasema basi ayatupe, akanyamaza kidogo, akasema hakuna neno, tutaongeza maji. Ndiyo kaseti hiyo waliyozunguka nayo mji mzima. Rajabu alinichukua pia, eti kwa kuwa mwenye sauti lazima awepo ili walinganishe. Nilikaa kwenye sebule za watu nisiowajua, mikono mapajani, nikijisikiliza nikibishana juu ya maharage.

Za kwanza kutufurahisha mimi na Rajabu zilikuwa za dukani, mjini, kwa Mhindi mmoja. Zilikuwa kubwa, nyeusi, zina pete za fedha kuzunguka zile koni, na zilipokohoa besi vioo vya kabati vilijibu. Kwenye spika zile Mwamini alikuwa mama mnene mwenye bashasha, na mimi nilikuwa na sauti ya mtangazaji. Rajabu alitabasamu mpaka akaonyesha gego la dhahabu. Vianney alifumba macho, akasikiliza, akatikisa kichwa. "Iko nzuri," alisema, "lakini iko inawapamba. Huyu si Mwamini. Huyu ni shangazi yake Mwamini ametoka saluni." Rajabu akasema kupambwa kuna ubaya gani, hata bibi harusi anapambwa. Wakatoka dukani wakibishana, na mimi nyuma yao nikibeba kaseti.

Za pili tulizikuta Kiyovu, mtaa wa matajiri, kwa Mzungu mmoja mtaalamu wa kahawa. Wakati ule Wazungu wengi walikuwa wanafunga virago, na desturi yao ilikuwa kufungua mlango wa nyumba na kuuza kila kitu mpaka pazia. Nyumba ilikuwa nusu tupu. Kutani kulikuwa na miraba myeupe palipotundikwa picha, na kwenye zulia alama za miguu ya kochi ambalo lilikuwa limeshakwenda. Spika zilikuwa mbili, ndefu, za mbao ya rangi ya asali, hazina pete wala taa, ukizitazama haraka utadhani ni kabati za viatu. Mke wa Mzungu alituletea maji ya limau kwenye glasi zisizofanana. Rajabu akatia kaseti. Nikasikia mkaa ukipasuka. Nikasikia mwiko ukiwekwa, na nikajua umewekwa juu ya kile kifuniko chetu kilichobonyea. Kisha Mwamini akaongea, na nilipomsikia niligeuka kumtafuta, kwa maana alikuwa pale, hatua mbili mbele yangu, karibu na ukuta mtupu. Pale aliponyamaza kabla ya kusema hakuna neno, nilimsikia akimeza mate. Alikuwa amekaribia kulia. Siku ile jikoni nilikuwa nimesimama ubavuni kwake na sikusikia. Niliona aibu, na niseme wazi, ilikuwa mara ya kwanza kwa miezi mingi kuona chochote. Halafu ikaja sauti yangu mimi, tambarare, haipandi haishuki, na yule mama wa Kizungu, aliyekuwa na Kiswahili cha Bukavu, akanitazama, akamuuliza Rajabu, "Huyu dada ni mugonjwa?"

"Si mgonjwa," akasema Rajabu. "Ndivyo alivyo."

Vianney hakucheka. Alikwenda akapiga magoti mbele ya spika moja, akaweka kiganja karibu na kitambaa chake bila kukigusa. "Hizi hazifichi kitu," alisema.

"Nani anataka nyumba isiyoficha kitu?" akauliza Rajabu. "Mimi nina mke, nina dada, nina majirani."

"Basi nunua zile zingine, mimi nitakuja kusalimia tu. Kusikiliza, oya, hapana."

Rajabu alizunguka zile spika mara mbili, mikono nyuma, kama anayekagua ng'ombe. Alitaka za pete, nilimwona machoni. Lakini alimtazama rafiki yake aliyepiga magoti kwenye zulia la watu, akasema haya, tuzibebe. Mpaka leo sijui mtu mwingine aliyenunua kitu cha thamani kiasi kile kwa masikio ya mwenzake.

Nyumbani Mwamini alizipokea kama anavyopokea kila kitu kikubwa cha mbao. Alizifuta vumbi, akatandika juu yake vitambaa vya kufuma, vile vyeupe vizito alivyofuma mwenyewe na vilivyoshuka mbele mpaka nusu, akaweka juu ya moja chupa ya chai na juu ya nyingine maua ya plastiki. Sebule yetu ilipendeza. Sisi wenye nyumba hatukuona kosa, na Vianney, aliyelelewa vyema, hakuthubutu kumwambia mwenye nyumba aondoe kazi ya mikono yake. Kwa majuma kadhaa tulisikiliza hivyo. Jumamosi baada ya Jumamosi alikuja, akala chapati na mchuzi wa mbuzi, akakaa kwenye kiti cha katikati, akainamisha kichwa, akasema, "Sijui, ni kama ina mafua." Rajabu akabadilisha waya. Akazisogeza kutoka ukutani, akazirudisha. Akamlaumu Mzungu kwamba amewauzia ugonjwa. Ilikuwa furaha, nadhani. Sikuihisi, lakini naitambua nikiitazama kwa mbali: wanaume wawili wenye mvi za kwanza wakibishana juu ya waya, na Mwamini jikoni akisema kwa sauti kwamba kuna watu wanaooa redio.

Katikati ya mwaka ule ilikuwa imeanza redio mpya. Sina haja ya kuitaja jina. Jambo ambalo vijana hawalielewi nikiwasimulia ni kwamba ilikuwa na muziki mzuri kuliko redio zote, nyimbo za Kikongo ambazo ulikuwa huzipati kwingine, na watangazaji walioongea kama watu wa mtaani, na kwa hiyo hata waliotukanwa nayo waliifungua. Tuliifungua na sisi. Jumamosi moja ya Novemba, mvua imenyesha, Vianney akavumilia mpaka akashindwa. Alisimama, akasema, "Mama, nisamehe," akaondoa chupa, akaondoa maua, akavikunja vile vitambaa viwili polepole, akamkabidhi Mwamini kwa mikono miwili. Mwamini aliduwaa, kisha akacheka, kwa kuwa sauti iliyotoka ilikuwa imefunguka kama dirisha. Wimbo ulikuwa unaishia. Tukasikia vidole vya mpiga gitaa vikiteleza kwenye nyuzi. Rajabu akapiga paja. "Kumbe tulikuwa tumezivisha ushungi!"

Wimbo ukaisha, mtangazaji akaingia. Alikuwa anafanya mzaha juu ya Watutsi, mzaha wa siku zote, wa urefu wao na pua zao na mahali watakaporudishwa, na tulikuwa tumeusikia mara nyingi kwenye redio ndogo ambako sauti yake ilikuwa ya bati, na nyuma yake kulikuwa na kelele tu kama ya mvua. Safari hii ile kelele ilikuwa watu. Mmoja alikuwa kushoto, karibu na mlango wa chumba chao cha kutangazia. Wengine wawili, mmoja mwanamke, walikuwa kulia. Glasi ikawekwa mezani. Mtu akavuta kiti. Na walikuwa wanacheka, si kwa ukali, walikuwa wanacheka kama tulivyokuwa tumecheka sisi muda ule ule juu ya vitambaa.

Vianney alikuwa bado amesimama. "Umesikia yule wa kushoto?" aliuliza.

"Yupi?" akasema Rajabu.

"Anacheka mbele ya neno kuja. Anajua inakuja. Wameshaongea hii maneno kabla, Rajabu, kwa meza, wakikula." Akakaa. "Mimi nilikuwa nafikiri wako na hasira. Mutu wa hasira unamwomba, inapita. Hawa hawana hasira. Wamefurahi."

Rajabu akainuka kwa haraka. "Tunaizima. Tutie kaseti."

"Ukizima, wao bado wanacheka," alisema Vianney.

Juma lile lile akaja kuaga. Rajabu alikasirika, na hasira yake ilikuwa ya mtu aliyeumia. Alimwambia, "Basi nilinunua bafle za kukuhamisha," na Vianney akamjibu, "Umenifanyia mema kuliko unavyojua, ndugu yangu," na wote wawili wakatazama sakafuni. Lakini Vianney hakuwa amemaliza. Mkewe, Spesiyoza, alikuwa amekataa kwenda. Alikuwa muuguzi katika hospitali moja mjini, na alikuwa amembishia mumewe kwa hoja ambayo sisi sote tuliiona ina akili: mwaka tisini walikushika ukarudi, tumepita pale, sasa niache kazi kwa sababu ya kicheko cha redioni? Nyumbani kwao Remera walikuwa na redio ndogo ya betri. "Hajasikia," alisema Vianney. "Anasikia maneno, hasikii watu. Rajabu, nitamleta hapa. Mkalishe kwa kiti yangu."

Alimleta siku ya kazi, alasiri, ametoka zamu. Spesiyoza alikuwa mwanamke mfupi, mchangamfu, mwenye harufu ya sabuni ya hospitali, na alikaa kwenye kile kiti cha katikati na mkoba mapajani kama mtu aliyekuja kupimwa macho. Mwamini alileta chai na mandazi. Vitambaa vilikuwa vimeshaondolewa. Rajabu mwenyewe, ambaye juma zima alikuwa haongei na mtu, alipiga magoti, akaitafuta ile redio, akaisafisha mpaka hakuna mkwaruzo. Wimbo ulikuwa unapigwa. Tukangoja uishe. Ukaisha, ukaingia mwingine. Vianney alisimama nyuma ya kiti cha mkewe akishika egemeo. Ukaingia mwingine tena, na mwingine, na zote zilikuwa nzuri. Sijawahi kusikia muziki ukitoka vizuri vile, kila mwimbaji mahali pake, unaweza kumwonyesha kwa kidole. Spesiyoza alianza kutikisa mguu. Mandazi yalipoa. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni na sinia, na nikajikuta naomba, kwa moyo wangu wote, mimi niliyekuwa siombi kitu, kwamba watukane. Nilimwomba Mungu wacheke. Niliogopa mpaka nikaisahau sinia mkononi, ikainama, na Mwamini akaja akanipokonya bila kunitazama.

Jua likaanza kushuka, na jioni magari ya kwenda Remera yalikuwa shida. Ndipo muziki ukakatika, na mtangazaji akaingia. Alikuwa yule yule. Alikuwa peke yake. Alitaja saa, akasalimia wasikilizaji, kisha kwa sauti ya upole kabisa, sauti iliyosimama pale sebuleni kama mgeni aliyevua kofia, akamtaja mama mmoja mzee aliyelazwa hospitali na kumwombea apone haraka. Halafu akapiga wimbo mwingine.

Spesiyoza aligeuka akamtazama mumewe juu ya bega. Hakuwa anamdhihaki. Alikuwa anamhurumia.

"Unaona?" alisema. "Anaombea wagonjwa."

"Ngoja kidogo," alisema Vianney. "Ngoja kidogo, Mama Klodina, rwose, tafadhali. Moja tu."

"Gari litanipita." Alisimama, akanyoosha sketi, akamshukuru Mwamini kwa chai, akamwambia Rajabu kwamba vyombo vyake iko nzuri sana, kwamba hajawahi kusikia muziki namna ile. Mimi alinishika mkono, akakiangalia kiganja, akasema, "Wewe uko na baridi, mwana. Kula mboga, kula maini." Wakatoka. Rajabu alibaki amepiga magoti mbele ya amplifaya, mkono kwenye kitufe, wala hakuizima.

Vianney aliondoka na watoto katika likizo ya Krismasi, kwa barabara ya Rusumo, mpaka Mwanza. Rajabu aliwapeleka kituoni na gari la kuazima. Walielewana hivi na Spesiyoza: hospitali ilikuwa na upungufu wa watu, asingeweza kuacha wagonjwa ghafla, angeomba likizo kwa utaratibu, angefanya zamu za sikukuu na kuwafuata baada ya Pasaka. Alipita kwetu Machi kutusalimia, ana haraka, amenunua viatu vya Klodina vya namba kubwa kwa kuwa watoto hukua. Pasaka ya mwaka 1994 ilikuwa Jumapili, tarehe tatu Aprili. Jumatano usiku ndege ya rais ilidunguliwa, na kulipokucha mauaji yalikuwa yameanza mtaani kwao. Basi ambalo Spesiyoza alikuwa amelikatia tiketi lilikuwa la Ijumaa.